Kuvuka Chalbi na Familia, na Filamu za Kuzungumzia Njiani

Familia nyingi za Nairobi zinazosafiri kwenda kaskazini hupakia filamu kwenye tableti ili watoto wanyamaze. Mwongozo huu unashauri kinyume chake: mbebe filamu tatu au nne tu zenye maswali magumu ya haki na dhambi, mzitazame pamoja usiku mnapolala, kisha mzizungumzie kesho yake ndani ya gari. Gari linafaa kwa mazungumzo ya namna hii kuliko sebule. Watu wote hutazama mbele, kwa hiyo kijana wa miaka kumi na minne anaweza kusema jambo linalomsumbua bila kukutana macho na mama yake. Hakuna anayeweza kuondoka katikati ya hoja. Na mtu akinyamaza nusu saa kabla ya kujibu, hakuna atakayemwona mfidhuli. Nyumbani filamu ikiisha taa huwashwa, mmoja husema ilikuwa nzuri, mwingine huenda kuoga, na swali hufia hapo.

Safari inayoelezwa hapa ni ya Jangwa la Chalbi katika Kaunti ya Marsabit: kutoka Nairobi hadi Marsabit, kuvuka jangwa hadi Kalacha na North Horr, kushuka Loiyangalani kwenye ufuko wa Ziwa Turkana, na kurudi kwa barabara ya Laisamis. Itengeeni wiki nzima. Wanaoikimbiza kwa siku nne hurudi wakiwa wameona vumbi na migongo ya viti.

Msimu na njia

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, uwanda wa chumvi na udongo wa mfinyanzi ulioko kati ya Mlima Kulal upande wa kusini-magharibi na Milima ya Huri upande wa kaskazini-mashariki. Kwa sababu ni bonde lisilo na pa kutolea maji, mvua ya milimani huishia humo, na gari linaweza kukwama katika siku ambayo dereva hakuona hata tone. Uso wake hukauka kwanza na kuficha tope lililo chini, kama uji uliopoa ukashika utando. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo, katika likizo za shule, ya Agosti ndiyo ya kutegemewa, na zile za Aprili na Desemba ni bahati nasibu. Mkifika Marsabit waulizeni madereva wa malori yanayopeleka bidhaa North Horr kama wamepita juma hilo. Jibu lao ni bora kuliko utabiri wowote wa simuni.

Siku ya kwanza ni ya lami tupu kupitia Nanyuki, Isiolo, Archers Post na Laisamis hadi mjini Marsabit, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Wenye watoto wadogo walale Isiolo, na wengine waondoke Nairobi alfajiri ili wafike kabla ya giza. Marsabit ni mji wa mlimani wenye msitu, ukungu na baridi ya asubuhi, na wageni wengi hushangaa kuhitaji sweta mlangoni pa jangwa. Siku ya pili mnaendelea kwa lami ya Moyale hadi Bubisa, pembezoni mwa mawe meusi ya jangwa la Dida Galgalu, kisha mnaiacha na kushika njia ya Maikona na Kalacha. Kalacha kuna chemchemi na mikoma, na ngamia wa Wagabra, wafugaji wa eneo hilo, huja kunywa kwa mamia. Siku ya tatu ni North Horr, halafu kijiji cha Gas, kisha mteremko wa mawe hadi Loiyangalani.

Habari za usalama ziulizwe mahali pawili, kituo cha polisi cha Marsabit na kwa wenyeji, kwa sababu migogoro ya malisho na wizi wa mifugo kati ya jamii za eneo hilo huzuka na kutulia, na njia iliyokuwa shwari mwezi uliopita inaweza kuwa haipitiki leo. Ukiambiwa usiende, usiende. Marsabit yenyewe ina Ziwa Paradise na msitu wa kutosha kuwashughulisha watoto kwa siku mbili. Ukiambiwa uende, nenda na magari mawili, na chukua mwongozaji wa eneo hilo. Kwenye Chalbi alama za magurudumu hutawanyika kila upande, na aliyezoea ndiye anayejua ipi ni ya jana na ipi ni ya mtu aliyepotea.

Gari, maji na vifaa

Gari liwe la juu, lenye kuendesha magurudumu yote manne. Bebeni tairi mbili za akiba, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea ili isizame, beleshi, kamba ya kuvutia na pampu ya upepo inayotumia betri ya gari. Kwenye mchanga laini shusheni upepo wa tairi hadi kama psi 20, na msisahau kuurudisha kabla ya kufika kwenye mawe ya volkano karibu na ziwa, kwa sababu tairi legevu hukatwa ubavuni na ubavu hauzibiki. Mafuta ya uhakika ni ya Marsabit. North Horr na Loiyangalani huuzwa kutoka kwenye mapipa, kwa bei ya juu, na inafaa kuyachuja kwa kitambaa safi kabla hayajaingia tangini. Bebeni madumu yenu hata hivyo.

Maji ya kunywa yahesabiwe lita tano kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu watano ikikaa siku tatu nje ya lami inahitaji lita 75, na juu ya hizo ongezeni dumu la lita 20 kwa ajili ya rejeta na kunawa, na madumu mengine mawili ambayo sababu yake nitaieleza mbele. Endesheni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, pumzikeni kwenye kivuli, mmalizie alasiri. Usiku msiendeshe kabisa.

Kuhusu filamu zenyewe, msitegemee intaneti. Mtandao wa simu hupatikana kwenye miji na hupotea katikati yake, kwa hiyo kila kitu kinunuliwe au kikodiwe kihalali na kupakuliwa Nairobi, kisha kijaribiwe simu ikiwa imezimwa data, kwani programu nyingine hudai kuthibitisha akaunti wakati usiofaa. Kompyuta ichajiwe mchana kwa inveta ya gari, kwa kuwa umeme wa jua na jenereta za nyumba za wageni huwa na saa zake. Msiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani; mahali pake ni katikati ya mkoba wa nguo, mbali na kasha la barafu lenye unyevu. Wazo la kutundika shuka jeupe na kurusha picha ukutani lisahauliwe mkifika Loiyangalani, ambako upepo huvuma usiku kucha kwa nguvu ya kubeba viti. Huko filamu hutazamwa chumbani, mlango umefungwa, na spika ndogo mezani.

Kuchagua filamu

Filamu inayofaa ni ile ambayo mtu anayelazimika kuamua ana sababu nzuri pande zote mbili. Filamu ya jambazi mbaya na polisi mwema haina cha kuzungumziwa zaidi ya Maikona. Angalieni pia urefu, kwa sababu mtu aliyeendesha siku nzima hawezi kukaa macho kwa saa mbili na nusu, na angalieni kama hadithi ina uhusiano na njia mnayopita. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya hutumia alama za GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 (wenye umri huo na zaidi). Alama hizo ni mwanzo tu, na mzazi anapaswa kuitazama kila filamu peke yake kabla ya safari. Mzazi anayekutana na filamu kwa mara ya kwanza pamoja na watoto hushughulika na mshtuko wake mwenyewe na kushindwa kuona wa kwao.

Kabla hamjaondoka, fanyeni jaribio nyumbani kwa filamu moja nzito na vijana wenye umri wa kuielewa. Ninapendekeza Eye in the Sky ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Gavin Hood. Kanali wa Uingereza, anayeigizwa na Helen Mirren, anafuatilia kwa ndege isiyo na rubani nyumba moja ya Nairobi ambamo watu wanajifunga mabomu. Nje ya ukuta, msichana anayeitwa Alia ameweka meza anauza mkate. Wote wanaopaswa kuamua wako maelfu ya kilomita kutoka pale, na kila mmoja anatafuta mwingine wa kubeba uamuzi. Msiulize kama kombora lilipaswa kurushwa, kwa sababu swali hilo hugawa meza pande mbili na kila upande hujichimbia. Ulizeni kuhusu dakika moja tu: kanali anapomshinikiza askari aliye chini yake apige upya hesabu ya uwezekano wa msichana kufa hadi ipatikane asilimia inayokubalika. Je, namba ile ilikuwa uongo? Na yule askari angefanya nini? Kisha liko swali ambalo watazamaji wa Ulaya hawakulazimika kujiuliza. Filamu ile ilipigwa Afrika Kusini, na inaionyesha Eastleigh kama mtaa unaotawaliwa hadharani na wanamgambo wenye bunduki. Familia ya Nairobi, ambayo hununua mapazia na viatu Eastleigh, ina haki ya kuuliza kama filamu inayohubiri thamani ya mtoto mmoja inaweza kuwadhulumu wakazi wa mtaa mzima, na bado ikawa filamu nzuri. Mimi naona inaweza, na imefanya hivyo.

Familia ikishindwa kuizungumzia hiyo bila kelele, badilisheni orodha. Gari halitatibu ugomvi ambao sebule imeushindwa.

Usiku wa Marsabit: Supa Modo

Kwa usiku wa kwanza nachagua filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, Supa Modo, kwa sababu ina dakika 74 tu na hata mtoto wa darasa la nne anaifuata. Jo, msichana wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa, ana ugonjwa usiopona, na mama yake amemtoa hospitali aje kumalizia siku zake nyumbani. Dada yake Mwix anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na polepole kijiji kizima kinashirikishwa katika mchezo huo.

Itazamwe mapema, kabla ya chakula cha usiku, ili mtoto atakayelia asilale moja kwa moja baada ya machozi. Kesho yake, kipande cha lami kati ya Marsabit na Bubisa ni cha kutosha kuanza. Watoto wadogo watasema dada alifanya vizuri. Hapo mzazi aulize kwa upole: Je, Jo alikuwa na haki ya kujua? Mama, aliyetaka mtoto apumzike, alikosea wapi? Wakubwa wanaweza kupelekwa mbali zaidi: uongo ule ulikuwa kwa ajili ya mgonjwa, au kwa ajili ya waliobaki, ambao hawakuweza kuvumilia kukaa tu na kungoja? Familia ambayo imewahi kuuguza bibi au babu na kumficha jina la ugonjwa wake itajikuta inazungumzia mambo yake yenyewe kabla ya lami kwisha. Mzazi awe tayari kwa hilo. Mtoto akiuliza, "Mama, na shosho alijua?", apewe jibu la kweli, hata liwe fupi.

Kanuni za mazungumzo garini

Dereva hashiriki mnapokuwa kwenye mchanga. Hii si adabu, ni usalama: mtu anayetetea hoja huinua mguu kwenye mafuta bila kujua, na gari likipoteza mwendo katika mchanga laini limekwama. Mazungumzo ni ya lami na ya njia ngumu. Mnapoingia Chalbi yenyewe, kila mtu akae kimya na atazame nje. Mazigazi ya saa nne asubuhi, yanayoonyesha maji na miti pasipo na chochote, yana thamani kuliko hoja ya mtu yeyote.

Mzazi asiwe wa kwanza kusema maoni yake. Akisema, watoto watiifu watayarudia na wakaidi watayapinga, na mawazo yao wenyewe hayatasikika. Mdogo aanze, mkubwa amalizie. Asiyetaka kuzungumza aachwe. Pengine atasema siku mbili baadaye, mkiwa mnabadilisha tairi. Na msizidishe swali moja kwa asubuhi, kwani watoto wakigundua kwamba likizo imegeuzwa darasa, watafunga masikio hadi Nairobi.

Usiku wa Kalacha: Watu Wote

Filamu fupi Watu Wote ya mwaka 2017, ya mwongozaji Mjerumani Katja Benrath, ni ya dakika kama 22, imechezwa kwa Kiswahili na Kisomali, na iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Msingi wake ni tukio la kweli la tarehe 21 Desemba 2015, ambapo al-Shabaab walisimamisha basi karibu na El Wak, katika Kaunti ya Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanaume waliwakinga wenzao, na wanawake waliwapa Wakristo mitandio ya kujistiri. Kila mtu ndani ya basi lile alijua maana ya kujitenga, kwa sababu mwaka mmoja tu nyuma, Novemba 2014, abiria 28 wasio Waislamu walitolewa ndani ya basi jingine karibu na Mandera na kuuawa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyepigwa risasi siku ile ya 2015, alifariki Januari 2016.

Tukio hili halikutokea kwenye njia yenu, na mtoto aelezwe hivyo waziwazi, kwa ramani, kabla ya filamu kuanza: Mandera iko mbali upande wa mashariki, na mabasi yake hupita njia nyingine. Hata hivyo mtoto ambaye jana aliona basi la Moyale likipita Isiolo hawezi kuitazama kama hadithi ya nchi ngeni. Ndiyo maana naiweka Kalacha, mahali mlipotulia, wala siiweki Isiolo usiku wa kuanza safari.

Mwongozaji wenu akikaribishwa kutazama, ni vizuri, kwani dakika 22 hazimchoshi mtu. Lakini akiwa Mwislamu, asigeuzwe msemaji wa dini yake kwa maswali ya wageni. Naye ni mtazamaji kama wengine, na ana haki ya kusema tu kwamba chai ni tamu. Swali lililo rahisi mno kwa filamu hii ni "ungewakinga?", kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo akiwa amekaa salama. Gumu zaidi ni lile la abiria ambaye angenyamaza kwa sababu amempakata mtoto. Je, angekuwa na wajibu wa kusimama? Na Jua, mwanamke Mkristo wa filamu hii, aliyepanda basi akiwa na chuki iliyotokana na msiba wake mwenyewe, alipaswa kuiacha kabla ya kukingwa, au alistahili kukingwa nayo ikiwa bado moyoni?

Loiyangalani: The Constant Gardener

Kaeni Loiyangalani usiku mbili. Wa kwanza watu hulala tu. Wa pili, wadogo wakishalala, wenye miaka 16 na zaidi watazame The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Mbrazili Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré. Kisa kinahusu mwanadiplomasia wa Uingereza ambaye mkewe Tessa ameuawa karibu na Ziwa Turkana baada ya kuchunguza majaribio ya dawa yanayofanywa kwa Wakenya maskini. Sehemu zake zilipigwa Kibera na hapa hapa Loiyangalani, kwa hiyo kijana ataona kwenye kioo mawe yale yale aliyokanyaga jioni. Aelezwe pia kwamba jambo lenyewe halikubuniwa hewani: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya dawa ya Marekani ilijaribu dawa yake kwa watoto wagonjwa wapatao 200, na kesi ya serikali ya jimbo ilimalizika mwaka 2009 kwa makubaliano ya dola milioni 75.

Ndani ya filamu hiyo kuna dakika moja inayoifaa safari hii kuliko nyingine yoyote. Tessa anamwomba mumewe asimamishe gari wawachukue watoto wanaotembea kwa miguu kwenda mbali. Yeye anakataa kwa hoja kwamba wenye shida ni wengi mno. Mkewe anamjibu kwamba hawa walio mbele yao wanaweza kusaidiwa. Hamtahitaji kuuliza swali, kwa sababu barabara imekwisha kuliuliza tangu siku ya pili. Njia za kaskazini zina watoto wachungaji wanaopunga madumu ya njano kuomba maji, na watu wazima wanaoomba kubebwa.

Lazima familia iwe imeamua mapema, kabla ya kuona uso wa mtu. Ushauri wangu ni huu. Msimbebe mtu msiyemjua bila mwongozaji kukubali, kwa kuwa yeye ndiye anayejua nani ni nani na nani ana uhasama na nani; akikubali, na nafasi ipo, bebeni mama mwenye mtoto au mgonjwa kwanza. Maji mnaweza kutoa, na ndiyo kazi ya yale madumu mawili ya ziada. Simameni kabisa, zimeni injini, msalimiane, mimineni ndani ya chombo chao. Chupa isirushwe dirishani gari likienda: mtoto hukimbilia magurudumu ya gari la pili, na plastiki hubaki jangwani. Madumu mawili yakiisha, yameisha, na maji ya kunywa ya watoto wenu hayaguswi. Kijana atasema, "Baba, si huyo mwanamume wa filamu alisema hivyo hivyo?" Naam, alisema hivyo hivyo. Mwacheni kijana akae na jibu hilo, wala msijitetee haraka. Tofauti kati ya mpaka wenye sababu na kisingizio ataitafuta mwenyewe, na huenda akaona kwamba nanyi mmeiweka mahali pasipofaa.

Upande wa pili wa filamu ile ni kamera. Inawashutumu matajiri wanaotumia miili ya maskini, nayo ilipigwa katikati ya maskini. Waigizaji na watengenezaji walianzisha mfuko wa elimu kwa ajili ya Kibera na Loiyangalani baada ya kuyaona maisha ya huko. Familia inayoingia kijiji cha Waelmolo cha Layeni ikiwa na simu tano mkononi iko katika hali hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Waelmolo ni jamii ndogo sana ambayo imepigwa picha na wageni kwa miaka mingi. Kwa hiyo, zungumzeni kwanza na wazee kuhusu ada ya kuingia, simu zikiwa mifukoni. Ombeni ruhusa kwa kila mtu, pamoja na mzazi wa kila mtoto. Na muwaonyeshe picha mliyopiga. Njia iliyo bora kuliko zote ni kumkabidhi mtoto mmoja wa familia kamera na kuwanyima wengine, kisha jioni aeleze kwa nini kila picha ilistahili kupigwa. Mchana wake nendeni kwenye Makumbusho ya Jangwani mjini hapo, yaliyofunguliwa mwaka 2008, ambako jamii za eneo hilo zimeelezwa kwa vifaa vyao. Ziwani watoto wasioge popote bila mwenyeji kuwaonyesha mahali, kwa sababu mamba wa Turkana ni wengi na wakubwa.

Kurudi

Siku za kurudi zisiwe na filamu. Njia ya kusini kuelekea Laisamis hupita kwenye mashamba ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na barabara yenyewe, zaidi ya kilomita 200, ilitengenezwa ili kufikisha vyuma vyake huko. Watoto wataipenda mitambo mara tu wakiiona, na wana haki. Ni umeme usio na moshi, na ni kwa ajili yake mnapita bila kukwama. Wakishamaliza kuihesabu, waambieni kwamba mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kuwa hati za ardhi ile, ekari 150,000 zilizokuwa malisho ya jamii, zilipatikana kinyume cha sheria. Msiongeze neno. Mkiwa na bahati, mtoto aliyenyamaza tangu Marsabit ndiye atakayeanza.

Njia hiyo ina kokoto kali na mabonde makavu yanayofurika ghafla, kwa hiyo msivuke bonde lenye maji yanayotiririka, hata yakionekana ya kufika kifundo cha mguu. Mkifika Laisamis, jazeni tairi upepo kabla ya kuingia lami, kazeni nati za magurudumu, ambazo mtikisiko wa siku tatu huzilegeza, na usukani ashike yule aliyelala vizuri zaidi.